Firigisi ya Mzee Shekiondo

Hapo zamani, si zamani ya majini na wafalme, ni zamani ile ya karibu ambayo jogoo hakuchinjwa bila sababu, palikuwa na binti wa milimani aitwaye Hidaya. Aliolewa huku tambarare na kijana Mbaruku. Baba yake, Mzee Shekiondo, aliridhia kwa shingo upande. Siku ya harusi alimwambia bintiye mbele ya watu, "Nenda. Lakini nitakuja kukuangalia. Nikikuta hutunzwi, unatangulia wewe, mimi nyuma, tunarudi nyumbani."

Msimcheke Hidaya. Tangu siku hiyo, akisikia hodi tu, moyo unamruka. Alimpenda Mbaruku. Alimpenda mama mkwe wake, Bi Mwanjaa. Hata wifi yake Siwema, mwenye ulimi wa pilipili, alikuwa ameshamzoea. Hakutaka kurudi popote.

Ujumbe ukaja: wakwe watafika Jumamosi asubuhi, wataondoka Jumapili. Ua ukafagiliwa, mchele ukapepetwa, jogoo akafungwa kamba mguuni. Kumbe mzee mjanja! Alitaka kuwakuta hawajajiandaa. Akatokea Ijumaa jioni na mkewe, wakati jikoni hakuna kitu ila chungu cha kisamvu na ugali wa muhogo, chakula cha wenyewe.

Bi Mwanjaa alikuwa ndiyo kwanza ametoka shamba, mkono tayari uko kwenye sahani. Akaurudisha. Akapakua chote.

"Karibuni, wakwe zangu. Mimi nimekula mapema, nimeshiba mpaka hapa," akasema, akagusa koo.

Wageni wakala wakashiba, vijana wakaambulia ukoko, Bi Mwanjaa akaambulia harufu. Hidaya alijua kwamba mama yule hajatia kitu kinywani tangu uji wa asubuhi, na Bi Mwanjaa si mtu wa kula kwa ncha za vidole. Mara tumbo likanguruma, nyumba nzima ikasikia.

"Nini hicho?" akauliza Mzee Shekiondo.

"Mvua, mkwe wangu," akajibu Bi Mwanjaa, uso mkavu. "Huku kwetu hunguruma kwanza."

Mvua yenyewe haikunyesha.

Jumamosi wageni wakapelekwa kutembezwa kwenye maporomoko ya mto, maana mke wa mzee alikuwa anatamani kuyaona. Mzee akavaa kanzu nyeupe. Mbaruku naye akatoa kanzu yake ya harusi, ile moja tu aliyo nayo, ili amheshimu mkwe. Watoto wa kijiji wakafuata nyuma, kama kawaida yao. Wanakaribia mto, Mzee Shekiondo akakanyaga pabaya: puu! Akakaa kwenye tope, miguu juu.

Watoto wakaanza kucheka. Hidaya alitamani ardhi ipasuke immeze. Anamjua baba yake: akichekwa ukweni, habari imekwisha, safari ya kurudi milimani inaanza palepale.

Lakini kabla kicheko hakijakolea, Mbaruku akateleza. Akateleza mahali pakavu, jamani! Akabiringika mpaka kwenye tope, akainuka mweusi, akateleza tena, akainuka na jani mdomoni. Watoto wakamgeukia yeye, wakacheka mpaka wakashika mbavu.

"Njia hii haina adabu, baba!" akalalamika Mbaruku.

Mzee Shekiondo akamtazama, kisha akacheka, mara ya kwanza tangu afike. Ile kanzu ya harusi ilifuliwa, ikaanikwa, ikafuliwa tena. Haikurudi kuwa nyeupe.

Jioni wakaketi mkekani. Mzee akauliza ghafla, "Nambieni. Mwanangu anaishi vipi hapa?"

"Vizuri sana, baba," akasema Mbaruku.

"Kama yai," akasema Bi Mwanjaa.

Mzee akakunja uso. Maneno matamu kama hayo kila mkwe anayo. Akamgeukia Siwema. "Na wewe?"

Siwema akasema, "Mwezi uliopita kaka alimfokea kwa ajili ya chumvi. Mimi mwenyewe nilimnunia wiki nzima, hata sababu nimeisahau."

Mwiko ukamponyoka Bi Mwanjaa. Mbaruku akakohoa. Hidaya akaona njia ya milimani hii hapa, imenyooka.

"Endelea," akasema mzee.

"Lakini alipoumwa, kaka alimbeba mgongoni mpaka zahanati. Mama hakulala. Na mimi nilimfulia nguo zake huku bado nimenuna."

"Kweli, Hidaya?"

"Kweli, baba. Yote."

Mzee akashusha pumzi, akanyoosha miguu, akaomba chai.

Jumapili jogoo akachinjwa, mchuzi ukanukia mpaka kwa jirani. Sasa, desturi ya huko mnaijua: firigisi ni ya mgeni mkubwa. Haikatwi, haimegwi, mmoja anaila nzima. Hidaya akaiweka juu ya wali wa baba yake. Mzee akaitazama, akaisukuma mbele.

"Hii siili. Nilikuja na hasira, naondoka bila hasira, na kuna aliyeitoa. Mpeni huyo, awe mwanamume, awe mwanamke."

Mbaruku akasogea. "Baba, mimi nimekula tope mbele ya kijiji kizima kwa ajili yako. Na kanzu yangu ya harusi imekwenda."

"Kanzu inafuliwa," akasema Bi Mwanjaa. "Njaa yangu ya Ijumaa nani ataifua? Pasingekuwa na chakula siku ile, mgeni angegeukia mlangoni."

"Nilijua haikuwa mvua," akasema mzee.

Siwema akacheka. "Ninyi wote mlimdanganya mgeni. Mmoja kashiba na njaa yake, mwingine kateleza pakavu. Mimi nilimwambia kweli, na ndiyo iliyomfanya alale usingizi."

"Kweli yako ilinitia aibu!" akasema Mbaruku.

"Aibu ilikuwa yako, kaka. Mimi niliitaja tu."

Wakaanza kusemezana wote kwa pamoja. Mzee Shekiondo akainua mkono, akamsogezea Hidaya sahani.

"Mimi naondoka. Wewe ndiye unayebaki na watu hawa. Gawa wewe. Ukimpata mwenyewe, nitajua nyumba hii umeijua, nami sitakuja tena kukuchungulia. Ukishindwa, chukua mtandio wako twende."

Hidaya akaishika ile firigisi, bado ya moto. Akimpa mume, mama mkwe atatabasamu, na tabasamu lile analijua. Akimpa mama, mume atasema haidhuru, na haidhuru ile itakaa nyumbani mwezi mzima. Akimpa wifi, wenzake watasema ulimi umelipwa. Akamtazama mama yake mzazi. Mama akainamia mfupa wake. Vidole vinaungua. Machozi yanamlengalenga, maana anawapenda wote. Mlangoni baba yake ameshavaa makubadhi.

Haya, ninyi mnaolamba vidole, msiniangalie mimi. Mimi nimeleta jogoo tu. Na msinijibu kwa kisu, firigisi haikatwi. Njaa ya mama, tope la mume, ulimi wa wifi: je, nani alistahili?