Skafu ya Sweta Lililofumuliwa

Hapo zamani, kule Makete ambako sakitu, ule umande ulioganda, huunguza viazi shambani, paliishi mama mmoja aitwaye Subilaga. Binti yake wa kwanza alifariki, akamwachia sweta la sufu tu. Subilaga alilificha chini ya mto. Uchungu ulipomzidi, alilitoa akalinusa, akalirudisha.

Kipupwe kilichofuata, mwanawe aliyebaki, Ambakisye, alishikwa na kifua. Akakohoa, akakohoa. Basi Subilaga akiwa shambani, mama mkwe wake alilichukua sweta lile akalifumua lote. Bibi huyo macho yalikuwa yanamwisha. Alifuma kwa kupapasa. Kulabu iliingia, ikazunguka, ikatoka. Kila mshono aliupindisha na kuuvusha juu ya mwenzake, mpaka ikapatikana skafu nene yenye matuta kama kamba zilizosukwa.

Subilaga aliporudi, aliiona rangi ile shingoni mwa mtoto.

"Mama, umeniulia binti yangu mara ya pili."

"Yule hasikii baridi tena, mwanangu," bibi akajibu. "Huyu anasikia."

Tangu hapo Subilaga hakumsemesha.

Kifua kilizidi, na Subilaga naye akaangushwa na homa. Wifi yake, Tusajigwe, ndiye aliyembeba Ambakisye kwenda zahanati, mgonjwa mgongoni, mwanawe mchanga kifuani. Njiani baridi ilikuwa kali. Akamvua mwanawe blanketi, akamfunika mgonjwa. Hata hivyo Ambakisye alikata roho kabla hawajafika.

Siku ya mazishi, mtoto wa Tusajigwe naye alikuwa anakohoa. Ambakisye alilazwa kando ya kaburi, skafu ingali shingoni.

Subilaga akasema, "Azikwe nayo. Uzi ni wa dada yake. Mimi nimebaki mikono mitupu. Wao angalau wawe pamoja."

Bibi akasema, "Niachieni mimi. Nimeimalizia macho yangu, sasa hata mlango siuoni. Wajukuu wangu hao wawili wamo humo. Nitawashika wapi tena?"

Tusajigwe alisema akiwa ameinamisha kichwa. "Wifi, blanketi la mwanangu lilimfunika wako. Leo wangu anatetemeka, na blanketi lenyewe mmelifungia maiti. Nipe hiyo skafu."

Mtoto akakohoa. Subilaga alikijua kikohozi kile. Alikisikiliza kipupwe kizima. Alijua pia kwamba skafu haikumponya wake. Akalishika pindo la skafu, vidole vikapita juu ya yale matuta. Hakuivuta, wala hakuiachia. Hakuona njia ya kuamua ambayo isingemwacha mtu analia, na yeye mwenyewe machozi yalikuwa yamekauka.

Wachimba kaburi wamesimama, majembe mkononi, wanamngoja aseme.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, msemeeni: skafu ile, nani aliistahili?