Ubavu wa Ukutani

Wapendwa, mwenye jirani akae vizuri anisikilize. Asiye na jirani anaweza kutoka nje akanywe soda.

Palikuwa na baba mmoja, mtu wa sala na mtu wa kamati, mwenye gari jekundu la siku nyingi. Ng'ambo ya michongoma, jirani yake alikuwa nalo la aina hiyo hiyo, jekundu hilo hilo, na yote mawili jua lilikuwa limeyapausha kama matofali. Wakaishi kwa amani miaka kumi na miwili. Kwa nini wasiishi? Yote mawili yalikuwa mabaya!

Jumamosi moja jirani akatoka na ndoo, matambara na kopo la dawa ya kung'arishia. Akaanza na kipande cha mlango, ukubwa wa sahani, anasugua taratibu. Kesho yake sahani nyingine. Baada ya mwezi gari lile liling'aa hata ungeweza kunyoa ndevu mbele yake.

Na yule baba akaugua. Sisemi malaria. Ni wivu, ule wa kumtoa mtu hamu ya chai. Kila akifungua dirisha, wekundu ule unamsalimia. Akamwambia mkewe, "Amepaka rangi mpya yule, halafu anatuzuga eti amesugua."

"Si umuulize, mume wangu?"

Akaenda, anacheka kwa meno tu. "Jirani, rangi hii umepaka lini?"

"Sijapaka, ndugu yangu. Ni ile ile." Akamwonyesha tambara, limekuwa jekundu lote. "Iliyokufa kwa jua inakaa juu kama unga. Hiyo ikishaisha kwenye tambara, ndipo unaiona iliyo hai. Chukua dawa yangu, imebaki nusu kopo."

"Dawa ninayo."

Alikuwa nayo? Hakuwa nayo! Alikwenda mjini siku hiyo hiyo akanunua ya ghali kuliko ya mwenzake.

Sasa gari lake lilikaa hivi: ubavu wa kushoto umeelekea ukutani, wa kulia unamtazama jirani. Akasugua boneti. Akasugua ubavu wa kulia wiki tatu, na kila jirani akipita, yeye anakohoa ili atazamwe. Wa kushoto hakuugusa. Ukuta una macho?

Siku moja jirani akamuuliza kwa wema kabisa, "Na upande wa pili umefikia wapi?"

"Shughulika na lako," akajibiwa.

Basi binti wa yule baba, mtoto wake wa pekee, akapata mchumba. Kamati ya harusi ikakaa, na mama mmoja akasema bibi harusi apande gari la jirani, maana linapendeza. Wapendwa, yule baba alisimama wima! "Mwanangu ashuke kanisani kutoka kwenye gari la yule, na mimi niko hai? Atapanda langu."

Asubuhi ya harusi akalitoa, na ubavu wa kushoto ukaonekana, umepauka. Akaumwagia ndoo mbili za maji. Mnajua gari likilowa, hata lililochoka linang'aa. Akaridhika, akafunga utepe, akaondoka na binti yake.

Njiani jua la saa nne likakausha yale maji. Na bibi harusi hukaa wapi? Nyuma, kushoto. Walipofika, binti akashuka na gauni lake jeupe, pana, likausugua mlango ule, likapakaa wekundu kutoka kiunoni hadi kwenye pindo. Vigelegele vikakatika.

"Baba, hii ni nini?"

Akajaribu kufuta kwa kiganja. Doa jekundu likazidi kutanuka. Aliyekuja mbio ni mke wa jirani, akavua kanga yake mpya akamfunga binti kiunoni, na binti akaingia kanisani hivyo, analia. Baba akatembea kando yake, kiganja chake kimekuwa chekundu, na watu wote wakakiona.

Sisi je? Nani hapa hajanunua kochi kwa sababu ya sebule ya mtu? Nani hajatoa ushuhuda mrefu kwa sababu fulani alipigiwa makofi Jumapili iliyopita? Msitazamane, hata mimi nimo. Tunasugua upande ambao jirani anauona, tena tunakohoa. Kule ukutani, kwa mke, kwa mume, kwa watoto, hatujagusa hata pa ukubwa wa sahani.

Na sikieni. Wivu wa yule baba haukumchafua jirani. Jirani alikaa benchi la tatu na suti yake safi. Aliyechafuka ni mtoto aliyempenda kuliko watu wote, kwa sababu ndiye aliyepita karibu.

Kwa hiyo leo ukifika nyumbani, kabla ya chakula, ligeuze gari lako uutazame ubavu ule. Usingoje mpaka mtu wako avae nyeupe.