Mistari ya Emil Stuckey

Kiwanda cha Harlan Fork, katika jimbo la Indiana, kilifungwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Kilikuwa kikitengeneza magari ya wazi ya viti viwili, yenye boneti ndefu kama farasi anayenyoosha shingo, na wanunuzi wake walikuwa matajiri wa Chicago. Leo magari hayo ni adimu kama maziwa ya kuku.

Moja lilikuwa mali ya Vernon Stuckey na dada yake Lorene, wote wawili watu wazima wenye mvi. Mmiliki wa kwanza alifilisika, gari likatelekezwa ghalani, ndipo baba yao Emil akalichukua. Emil alikuwa mpaka rangi wa kiwanda, na gari hilo alilipaka yeye. Mistari miwili myembamba ya dhahabu, kutoka mbele ya gari hadi nyuma, aliivuta kwa mkono wake, bila rula, kwa brashi ya manyoya ya kindi. Karibu na kitasa cha mlango wa kushoto, mstari mmoja ulitetereka. Hapo ndipo msimamizi alipomwita kumwambia kwamba mkewe amejifungua binti. Emil alikataa katakata kuurekebisha.

"Hapo ndipo nilipozaliwa mimi," Lorene alizoea kuwaambia watu.

Miaka ikapita. Rangi nyeusi ikapasuka kama tope la bwawa lililokauka, lakini injini ilinguruma vizuri, na kila Septemba ndugu hao wawili walipanda gari lao katika gwaride la mji. Mwaka mmoja Rex Obermeyer, muuza matrekta, akatokea na gari kama lilelile, alilolinunua California, linang'aa kama kioo.

"Vernon!" alipaza sauti mbele ya umati. "Hilo gari au banda la kuku? Trei ya mayai unauza bei gani?"

Watu wakaangua kicheko, mchungaji akiwemo. Vernon alicheka pia, ila moyoni aliungua. Jioni hiyo alimwambia dada yake, "Nalipeleka likapakwe rangi. Mwakani naliingiza kwenye mashindano ya uzuri wa magari ya kale, Michigan. Huyo Rex atafyata mkia."

"Rangi linayo."

"Hiyo si rangi, Dada. Ni magamba."

"Basi ni magamba ya baba. Injini fungua, viti shona, magurudumu badilisha. Rangi usiguse, Vernon. Nakuomba."

"Nitawaambia waivute mistari ileile."

"Ileile ya nani?"

Lorene aliposafiri kwenda Ohio kumlea bintiye aliyejifungua, Vernon alilipakia gari kwenye trela na kulipeleka gereji. Mafundi walilimwagia dawa ya kubambua rangi. Kazi ya Emil Stuckey ikaishia kwenye ndoo, tope la kahawia lenye vimulimuli vya dhahabu.

Lorene aliporudi alikuta bati tupu. Hakupiga kelele. Alipitisha kiganja mlangoni, akasema, "Baridi," akaingia jikoni kumenya viazi.

Huko Michigan gari lilisimama kwenye majani mabichi, jeusi kama wino. Jaji, mama mmoja mwenye glavu nyeupe, alilizunguka akitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Kazi safi. Lilikuwaje kabla?"

Vernon akatoa picha kwa majivuno, ili aone lilikotolewa. Mama yule aliitazama picha kwa muda mrefu kuliko alivyolitazama gari.

"Hii ilikuwa rangi ya kiwandani?"

"Ndiyo. Baba yangu ndiye aliyeipaka."

"Baba yako mwenyewe?" Akavua miwani. "Bwana Stuckey, yanayong'aa yamejaa uwanja mzima. Ambalo halijaguswa hatuna hata moja. Hili lingesimama peke yake pale mbele." Akamrudishia picha polepole, kama mtu anayetoa rambirambi.

Rex alikuwa karibu, akasikia. "Kumbe ulimbandua mzee wako? Vernon, ndugu yangu, mimi nilikuwa natania tu!"

Vernon hakungoja matokeo. Alikwenda moja kwa moja kwa Delbert, fundi aliyevuta mistari mipya, iliyonyooka kama uzi.

"Utetemeshe hapa," alisema, akionyesha karibu na kitasa.

Delbert alifuta mikono kwa kitambaa. "Naweza. Lakini litakuwa tetemeko langu, mzee. Na mimi sikupata mtoto siku hiyo."

Septemba ilipofika, Lorene hakupanda. "Gari zuri," alisema, kama mtu anayelisifia gari la jirani. "Nenda tu, nitaliona likipita."

Vernon aliendesha peke yake, kiti cha pembeni kitupu. Watu walipiga makofi na vigelegele ambavyo hakuwahi kupigiwa maishani mwake. Angalitoa vyote apate kuitwa tena mwenye banda la kuku, huku dada yake akicheka ubavuni. Alikuwa amechelewa. Usiache mbachao kwa msala upitao.