Pimbi, Kiboko na Shokapu za Pikapu Kuukuu

Ngano imebisha hodi!

— Mfungulieni!

Imekunja uso!

— Iingie hivyo hivyo!

Basi, palikuwa na Pimbi. Mnamjua Pimbi: kanyama kadogo, hakana mkia, makazi yake mawe. Pimbi huyu aliishi juu ya majabali na mama yake mzazi, na alikuwa na pikapu kuukuu, rangi yake huwezi kuitaja maana ilikwishabanduka yote.

Kila siku Pimbi alishuka bondeni kupakia viazi vitamu, awapelekee pimbi wenzake kule majabalini. Na kila siku, pale kivukoni, Kiboko alisimama katikati ya njia.

“Simama!”

Pimbi anasimama.

“Nipishe nipande!”

Pimbi anampisha.

Kiboko anapanda nyuma, gwaa! Gari linapiga magoti. Kisha anakula viazi njia nzima, mtafu, mtafu, mtafu. Wakifika juu anafuta mdomo, anasema, “Gari lako bovu. Nirudishe mtoni.”

Na Pimbi anamrudisha! Nani anacheka? Usicheke. Mimi nikifika hapa damu inanichemka.

Sasa, gari lina shokapu. Ni zile bomba zilizo karibu na magurudumu, zenye mafuta ndani, zinazolizuia gari lisirukeruke likipita shimoni. Shokapu za nyuma za Pimbi zilichoka kwa uzito wa Kiboko, zikavuja, zikafa. Gari likawa likigusa jiwe tu, bwata! bwata! bwata! kama chura.

Siku moja mama yake Pimbi alipanda nyuma, akiwa anatoka kumwona dada yake. Kiboko naye akapanda, gwaa! Wakafika kwenye korongo. Gari likaruka, bwata! Mama akarushwa nje, puu! juu ya mawe, bega likavunjika.

Pimbi akafunga breki, akakimbia. Mama analia. Kiboko je? Kiboko anacheka, mdomo umejaa viazi!

“Mama yako mwepesi kama pamba,” akasema. “Na wewe gari huliwezi. Kesho nakuja kulichukua.”

Pimbi alimfunga mama yake bega kwa kitambaa.

Asubuhi akaenda kwa Nungunungu, muuza spea, akampa shati lake jipya na redio yake, akapewa shokapu mbili mpya. Akaja nazo uani, akaingia uvunguni mwa gari.

Akavuta nati kwa spana. Nati kimya. Akaimwagia dizeli, akangoja, akavuta tena. Kimya. Kutu ilikuwa imeishika nati kama kupe na ng'ombe. Jeki nayo hana, Kiboko aliikalia zamani ikapinda. Pimbi akapiga spana chini, kaa!

“Mama, atalichukua! Tutakula nini huku juu, mawe?”

Mama yake, aliyelala kibarazani na bega lake, akasema, “Mwanangu, nguvu huna. Anayekuja anazo.”

Pimbi akafikiri. Akajifuta uso.

Mchana, jua likiwa utosini, Kiboko huyo anapanda kilima, hema hema hema. Alitoka mtoni kukiwa na mawingu, akadhani atawahi kurudi majini kabla jua halijawaka.

Pimbi akajitandaza mbele ya gari. “Mzee Kiboko, gari chukua! Lakini usiangalie chini yake, nakuomba!”

“Kuna nini chini yake?”

“Hakuna kitu!”

“Kuna nini, wewe?”

Pimbi akashusha sauti. “Viazi. Miaka yote gari linaruka, viazi vinadondokea ndani ya chesisi, mifupa ya gari huku uvunguni. Vimechomwa na moto wa ekzosi, bomba la moshi, vimekuwa vitamu kama asali. Ila vimefungiwa kwa nati hizi nne, na hakuna mnyama anayeweza kuzifungua.”

“Hakuna?” Kiboko akauliza. Akachomeka kichwa uvunguni, akauma nati kwa meno yake yale, akazungusha. Kwaruu! Ya kwanza. Kwaruu! Ya pili. Kwaruu! Kwaruu!

“Viazi viko wapi?”

“Bado kidogo, mzee. Nyanyua.”

Kiboko akaweka mgongo, akanyanyua, hiii! Pimbi akajipenyeza, akachomoa shokapu mbovu ya kushoto. Ukiisukuma inaingia, hairudi. Akaweka mpya, akaweka bushi, ule mpira wake, akaweka washa, kile kisahani cha nati, akakaza.

“Viazi viko wapi?”

“Bado kidogo, mzee. Shikilia.”

Akachomoa ya kulia, akaweka mpya, bushi, washa, akakaza. Hakuharakisha. Nani angeharakisha? Aliziangalia zile nati moja moja, akazikaza upya, na jua linampiga Kiboko mgongoni, jasho jekundu linamtiririka.

“Viazi viko wapi?”

“Shusha, mzee. Sasa kandamiza nyuma, vitoke.”

Kiboko akakandamiza kwa nguvu zote, akaachia. Gari likashuka, likapanda, likatulia tuli. Halikuruka hata mara moja.

“Viazi viko wapi?”

Pimbi alikwisharukia jabalini. “Hakuna viazi! Umevila wewe! Umevila vyote, na bega la mama yangu umelivunja, na ukacheka!”

Kiboko akanguruma, akamkimbilia. Hatua tatu tu. Ngozi ilikuwa imekauka, imepasuka kama tope la kiangazi. Akaanguka, gubu!

“Maji,” akasema.

“Akauke!” Pimbi akapiga kelele. “Akauke hapo hapo!”

Mama yake akainua kichwa. “Akifia hapa uani, nani atamwondoa? Wewe?”

Pimbi akasaga meno. Akachota maji kwa kibuyu, akammwagia. Akachota tena, akammwagia, na kila kibuyu alimtupia kwa hasira kama anatupa mawe. Jua lilipopoa, Kiboko akaweza kusimama.

“Nitarudi,” akasema. “Nitakuja kulichukua.”

“Karibu,” akasema mama yake Pimbi. “Usisahau mgongo wako. Shokapu za mbele bado.”

Kiboko akamtazama. Akalitazama gari. Akateremka mtoni kwa miguu, na kivukoni hakusimama tena. Bega la mama halikupona sawasawa. Mvua ikikaribia linamuuma, na linapomuuma, Pimbi hasemi na mtu.

Sasa funzo, sikilizeni, na msinibishie. Uongo ni mbaya! Pimbi alisema uongo, na adhabu yake hadi leo anaendesha gari lisiloruka. Na kusaidia jirani ni kuzuri: mwigeni Kiboko, aliyefungua nati nne na kunyanyua gari zima bila kudai hata kiazi.

Ngano yangu nimeitua, mgongo waniuma.

— Pumzika, tumeipokea!

Aliyecheka na aibebe yeye.