Mguu Ulioitwa Barazani

Hapo zamani, katika mji wa Kivunde, siku ya Jumatano, tarehe kumi na tisa ya Shaabani, saa mbili ya asubuhi, kunguru alichukua kikuku cha marehemu Bi Time, na tangu saa hiyo mumewe, Faki mshona viatu vya makubazi, hakupata raha. Alikuwa ameviosha vikuku viwili kwa ndimu na majivu, akavianika barazani, akaingia ndani kutafuta kitambaa. Alipotoka alikuta kimoja, na kunguru yuko juu ya paa la Sultani.

Bi Time alikuwa amekufa siku arobaini nyuma. Naye alizaliwa na mguu wa kushoto mwembamba kuliko wa kulia, basi Faki alipomposa alimpima miguu yote miwili kwa ukili, ule ukanda wa mkindu uliosukwa, kama apimavyo makubazi, akampa sonara kipimo afanyize kikuku kimoja kikubwa na kimoja kidogo. Alipokuwa akikata roho mama yule alisema, "Vikuku hivi umpe Mize siku ya harusi yake, wala usivitenge." Mize alikuwa binti wa nduguye, yatima, waliyemlea wao. Harusi yake ilikuwa Jumapili, na kilichopotea ni kile kidogo.

Faki hakuwa na kitu, lakini alikuwa na dhamana. Maana Sultani wa Kivunde aliweka jambo ambalo siku hizi tungeliita bima: kila mwenye pambo hutoa pishi ya mtama kila mwaka, na pambo likipotea, sonara wa Sultani hulifanyiza jipya. Faki alitoa mtama wake miaka ishirini asikose hata mmoja. Basi akaenda kwa Rubea, katibu wa dhamana, akamweleza habari ya kunguru.

Rubea akafungua daftari. "Pole, Faki. Kilete kikuku tukipime."

"Kikuku kipi, bwana?"

"Kilichopotea. Sharti la nne: pambo lidaiwalo liwekwe mizanini, hazina isije ikatoa zito kwa jepesi."

"Bwana katibu, ningekuwa nacho ningedai nini?"

"Hilo ni lako. Langu mimi ni mizani."

Faki akarudi nyumbani polepole. Siku ya pili yake, Alhamisi, Sultani alipokaa barazani, Faki akaingia na sinia kichwani, limefunikwa kawa, akalitua mbele ya kiti.

"Nini hicho?" akauliza Sultani.

"Kikuku kilichopotea, seyyid. Katibu amekitaka."

Kawa likafunuliwa, na sinia likawa tupu.

"Sioni kitu," akasema Sultani.

"Ndivyo kilivyo tangu jana, seyyid. Na mawaziri je, wanakiona?"

Mawaziri wakainama, wakatazama hata chini ya sinia, wakasema hawakioni.

"Alhamdulillahi," akasema Faki. "Basi kupotea kwake kumeshuhudiwa na mfalme na baraza yake. Sasa bwana katibu na akipime."

Rubea alikuwa mtu wa sharti. Akainua mizani, akangoja mpaka vitanga vikatulia, akaandika: hakina uzito. Sultani akacheka hata kilemba kikamlegea, ikawa Faki anadhani mambo yamekwisha.

Lakini Rubea akafunua ukurasa mwingine. "Seyyid, kikuku hiki si sawa na mwenziwe. Kitafanyizwa kwa kipimo gani?"

Faki akatoa ukili kibindoni. "Kipimo hiki hapa. Nimekiweka tangu siku ya posa."

"Huo ni ukili. Sharti la saba lasema mguu. Pambo la kupimiwa mwili lipimwe kwa mwili wa aliyelivaa."

"Mwenye mguu amekwenda mbele ya haki, bwana."

"Sharti halikutaja mauti."

Sultani, kwa kuwa alikuwa bado na kicheko, akataka kuona mzee huyu atafanya nini. Akasema, "Ee Faki, sharti ni sharti. Mguu uje barazani, au usamehe dai lako."

Faki akaliokota sinia lake, akajitwika. Kisha akasema, "Nimesikia, seyyid. Utakuja."

Siku ya Ijumaa, baada ya sala, Faki akaja barazani na mikeka mitatu, mito mitatu na mtungi wa maji. Akatandika mkeka mmoja mbele ya kiti cha Sultani, mmoja mbele ya katibu, na wa tatu akaukalia mwenyewe.

"Unafanya nini, we Faki?" akauliza Rubea. "Mguu uko wapi?"

"Uko njiani, bwana. Seyyid ameuita, na mimi sina shaka kwamba utakuja, maana kila aliyezikwa atafufuliwa na viungo vyake. Ila siku yenyewe hatuijui. Na aitaye mgeni humngoja, ndipo nikawaletea mikeka. Maji tutayateka kwa zamu."

Mawaziri wakaanza kucheka, na Sultani pamoja nao.

Faki hakucheka. Akasema, "Na siku hiyo, seyyid, tumefundishwa kwamba vinywa vitafungwa na miguu itatoa ushahidi. Basi mguu wa Time utasema wenyewe upana wake. Utasema ulipeleka mtama hapa miaka ishirini, ukichechemea. Na utasema ni nani aliyeuita kutoka kaburini, na kwa ajili ya nini."

Sultani akautazama ule mkeka uliomngoja, kicheko kikamtoka usoni. Akashuka kitini, akauchukua ukili mkononi mwa Faki kwa mikono miwili, akampa sonara. "Ufuate huu," akasema. "Usizidishe wala usipunguze." Kisha akamgeukia Rubea. "Nawe kunja mikeka, umchukulie mzee mpaka kwake."

Rubea akaikunja, akaihesabu, akaiandika daftarini, akaichukua.

Jumapili Mize akavishwa vikuku. Kikubwa kikaingia mguuni. Kidogo kikakataa, kwa kuwa hakuna mguu mwingine kama ule, basi akakivaa mkononi, na kila alipoinua mkono kuwapokea wageni, Faki aliusikia mlio wake kutoka ukumbini, akageuza uso.

Ewe Mola, mrehemu Time na wote waliotutangulia. Yapanue makaburi yao, uyatie nuru, na siku utakayowaita wewe, uwasimamishe juu ya miguu iliyo sawa. Amina.