Daktari Fisi na Hesabu ya Pimbi

Hapo zamani za kale, wanangu, na siku yenyewe ninaijua: ilikuwa Jumanne, saa mbili asubuhi, manyunyu yakianguka juu ya majabali walimoishi pimbi, wageni wawili walipobisha hodi.

Wa kwanza alikuwa Daktari Fisi, aliyerudi karibuni kutoka chuo kikuu na shahada ya kuhesabu wanyama. Wa pili alikuwa Mzee Nyati, mwenyekiti wa Baraza la Uhifadhi, aliyekuja kushuhudia.

"Karibuni," aliitikia Nyamizi, pimbi mdogo wa mwili na mwepesi wa maneno. Lakini mlango aliufungua nusu tu.

"Bibie, nimekuja kwa utafiti," alisema Fisi. "Sheria mnaijua. Jamii isiyofika mia moja haiguswi. Iliyozidi mia, wale wa ziada huja maabara kwangu, kwa manufaa ya elimu."

"Na digidigi waliokuja maabara mwaka jana, Daktari, wako wapi?"

"Wapo ndani."

"Ndani ya maabara, au ndani zaidi?"

Fisi alikohoa. Tumbo lake likanguruma: gururu! Nyamizi akanusa. Koti la Daktari lilikuwa jeupe pe, ila lilinuka mchuzi.

"Sasa, utatuhesabu vipi nasi tunaishi nyufani?"

"Aa, hapo ndipo penye usomi!" Fisi alivimba kifua. "Leo naweka vizimba vyenye boga tamu. Kila anayenaswa nampaka udongo mwekundu kichwani, kisha namwachia. Kesho nanasa tena. Nikiona vichwa vyekundu vichache kati ya vingi visivyo na rangi, nyinyi ni wengi mno. Nikiona vyote ni vyekundu, basi mpo hao hao tu, hakuna wengine."

"Na jibu likishatoka, hutahesabu tena?"

"Kanuni yangu haikosei!"

"Apa mbele ya Mzee."

"Naapa kwa shahada yangu!"

"Nimesikia," alisema Nyati.

Siku hiyo walinaswa pimbi kumi na wanane, Nyamizi mwenyewe akiwamo. Fisi aliwapaka udongo, paka, paka, paka, huku akimeza mate, kisha akawaachia.

Alasiri pimbi wote walikutana pangoni. Malongo, shemeji yake Nyamizi, ambaye hakunaswa, alikuwa akisugua tumbo.

"Kesho zamu yangu ya boga!"

"Kesho ukila boga, keshokutwa utapikwa nalo, shemeji," Nyamizi alimjibu. "Fisi anatafuta sura mpya mtegoni. Basi tumpe zile zile alizokwisha kuziona. Watoke wenye vichwa vyekundu tu. Wengine wote, kimya!"

Kesho yake wale kumi na wanane walitoka kwa mstari, tii, tii, tii, wakajiingiza vizimbani na kuanza kula boga.

Fisi alichungulia kizimba cha kwanza. "Chekundu." Cha pili. "Chekundu." Alipofika cha kumi, masikio yalikuwa yamemlegea. Alipomaliza cha mwisho, ndipo sauti ikatoka ufani: chaa!

Malongo alikuwa amepiga chafya.

"Nani huyo?" Fisi aliruka.

"Ni mwangwi, Daktari," alisema Nyamizi kutoka kizimbani, mdomo umejaa boga.

"Mwangwi wa nini? Sijapiga chafya mimi!"

"Umepiga. Nyinyi wasomi mna mengi kichwani, madogo mnayasahau."

Fisi aliisukuma pua yake ufani. Ufa ulikuwa mwembamba. Pua ilitoka na mchubuko, bila habari yoyote.

"Mzee Nyati, hapa pana hila! Niruhusu nihesabu upya, kwa njia nyingine."

"Chafya haimo katika kanuni uliyonieleza," Nyati alijibu polepole. "Uliapa kwamba haikosei. Ama kanuni ni ya kweli, ama shahada ni ya kuazima. Ipi?"

Fisi alitazama vizimba. Akatazama ufa. Akalitazama koti lake.

"Kumi na wanane," alinong'ona.

"Paza sauti, Daktari."

"Kumi na wanane!"

"Hawafiki mia," alitangaza Nyati. "Pimbi wa majabali haya hawaguswi, wala leo wala kesho. Fungua vizimba."

Fisi alifungua kimoja kimoja, kisha akateremka kilima huku tumbo likimwimbia: gururu, gururu.

Basi, wanangu, anayekuja kukuhesabu, muulize kwanza kama amekula.

Jumatano hiyo hiyo, jua lilipowaka, pimbi walitoka nyufani wakajipanga juu ya mawe, na Nyamizi akawahesabu kichwa kwa kichwa, chekundu na kisicho na rangi. Walikuwa mia mbili na tisa. Kabla hajafunga kinywa, mmoja wao akajifungua mtoto: mia mbili na kumi.