Pimbi na Lobelia la Mkewe

Mjomba Ndesario, aliyeendesha malori mpaka Lubumbashi na kurudi, alikutwa sebuleni kwa mpwawe Ndeshi, kopo mkononi, anamwagilia maua ya plastiki. Tena anayabembeleza. Maji yalikwisha kufika kwenye zulia.

"Mjomba! Hayo hata ukiyamwagilia mpaka Kiama hayanywi!" alisema Ndeshi.

Watoto wakagaagaa kwa kicheko.

"Ndiyo maana nikayaona yana kiburi," alisema Mjomba, akijifuta viatu. "Haya, chekeni mmalize. Mkimaliza mtulie, maana nililo nalo halina kicheko. Paukwa!"

"Pakawa!"

Hapo zamani za kale, juu kabisa mlimani, kwenye ukungu na baridi, aliishi Pimbi. Pimbi alikuwa na mke. Mke akaugua. Mke akafa. Akaacha kitu kimoja tu: lobelia la maua ya buluu, alilolipanda mwenyewe ukingoni mwa kijito, ubavuni mwa jabali. Asubuhi jua lililifikia. Alasiri jabali lililitia kivuli. Udongo wake ulikuwa mbichi siku zote, lakini haukutota.

"Mume wangu," alisema kabla ya kukata roho, "ua hili lisife. Jirani yetu, ndege Chozi, hunyonya humo maji matamu, akalisha makinda yake."

Pimbi akaapa. Na alilipenda ua lile, jamani! Kila akiamka, analiuliza: "Ua la mke wangu, umeshiba?"

Ua linanyamaza. Linachanua.

Kipupwe kikaja. Baridi ikauma, ikauma. Pimbi akapanda juu ya jabali kuota jua, tangu asubuhi, mpaka damu ikachangamka. Ndiyo dawa ya mapimbi wote. Alasiri akachungulia chini, akaona kivuli kimelifunika lobelia. Moyo ukamchoma.

"Maskini! Mimi naota jua, ua la mke wangu linatetemeka kivulini!"

Akashuka. Akachimba, kwaru, kwaru, kwaru! Akaling'oa, akalipandisha jabalini, akalishindilia kwenye udongo mchache.

Purrr! Chozi akatua, yule ndege mdogo wa mdomo uliopinda. "Baba Pimbi, unafanya nini?"

"Nalitafutia joto."

"Nani amekwambia linataka joto? Lirudishe!"

"Wewe umevaa manyoya mpaka shingoni, baridi utaijulia wapi? Mimi nikiota jua napona. Na lenyewe litapona."

Jua likawaka. Udongo ukakauka, ukapasuka, ta! ta! Majani yakajikunja.

"Ua la mke wangu, umeshiba?"

Ua likanyamaza. Likainamisha kichwa.

Pimbi akalibeba mbio, tuputupu tuputupu, mpaka bwawani kwa Chura.

"Ndugu yangu, nisaidie!"

"Hiyo ni kiu, huoni?" alisema Chura. "Mimi ngozi ikinikauka, si nakufa? Litumbukize!"

Chubwi! Maji yakafika shingoni. Mizizi ikakosa pumzi. Mizizi ikaoza. Maua ya buluu yakadondoka, moja, na jingine, na jingine.

"Ua la mke wangu, umeshiba?"

Ua likanyamaza. Na sasa lilikuwa linanuka.

Kiotani makinda ya Chozi yalilia kwa njaa, chwii, chwii, chwii. Kulipokucha, ilisikika sauti ya kinda moja tu.

Pimbi akaketi matopeni, akalia. Akalipapasa lile shina bovu. Kwa pembeni akakuta chipukizi, dogo kama jino la mtoto, bado kijani. Akalishika kwa mikono miwili. Chozi akatua mbele yake.

"Jirani," alisema Pimbi, "nimelipenda mpaka nimeliua. Nimelipatia jua la pimbi. Nimelipatia maji ya chura. Niambie, hili lililobaki nilipande wapi?"

Chozi hakumtazama.

"Pale alipolipanda mkeo."

Pimbi akaenda, akalipanda pale. Jua la asubuhi likalifikia. Kivuli cha alasiri kikalifunika, naye akakiacha kilifunike.

"Basi, wanangu," alisema Mjomba, "ukimpenda mwenzio, mpe kinachomfaa yeye, si kinachokufaa wewe."

Kisha mtoto wa mwisho wa Ndeshi akauliza, "Mjomba, na lile chipukizi lilipochanua, yale makinda yaliyonyamaza yalilia tena?"

"Hayakulia tena," alisema Mjomba. "Na ngano yangu inakomea hapo."